Swali Tulilomnyima Mzee Kikoti

Wanangu mnaoanza uinjilisti, mmenitaka niwaeleze tulivyofanya kazi miaka ya hamsini, wakati baiskeli ilikuwa ya Mchungaji peke yake na sisi wengine tulikwenda kwa miguu. Nitawaeleza, lakini msinidai mpangilio. Kichwa changu siku hizi kinafungua mlango kinaoutaka chenyewe. Na mkinisikia nimemsema mtu, msikae mkao wa kucheka, maana wa kwanza kusemwa ni mimi.

Tuanze na mahubiri, kwa sababu najua ndiyo yanayowatoa jasho. Mimi yangu niliyajaribu kila Jumamosi kwa mke wangu, Mama Eliza, akiwa anachambua maharage. Sikumwuliza kama ni mazuri. Angesema ni mazuri ili nimwondokee. Niliangalia mikono yake. Mikono ikisimama, hapo pana neno. Mikono ikienda mbio, hapo nimeongeza maji kwenye mchuzi, na nilikuwa napafuta. Miaka arobaini nimehubiri hivyo, na mpaka leo sijaona chuo kinachofundisha njia iliyo nafuu kuliko hiyo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Usangu, upande wa Mbeya, mtaa mdogo usio mbali na Madibira. Msifikiri ni Madibira hii ya mashamba ya mpunga na mifereji. Wakati ule ilikuwa nyasi, maji ya masika, na ng'ombe. Jumapili moja nikahubiri habari ya kondoo aliyepotea, nikajisikia nimepaa kabisa. Ibada ilipokwisha, mchungaji mmoja wa ng'ombe, mtu mzima, akanifuata kwa adabu akaniuliza wale tisini na tisa aliwaacha na nani. Nikamjibu, kama nilivyosoma, kwamba aliwaacha nyikani. Akanitazama kwa huruma. Akasema kwa nyika hii ya Usangu, ukiacha kundi na kumfuata mmoja, ukirudi unaye huyo huyo mmoja. Kisha akanisaidia: bila shaka alikuwa na mwenzake, ila hawakumtaja.

"Kuchunga si kazi ya mtu mmoja, Mwalimu," aliniambia.

Tangu siku ile nikawa siendi mimbarini kabla sijawauliza wenye kazi zao. Nikihubiri mbegu, nauliza wakulima. Nikihubiri chachu, nauliza akina mama. Nikajiona nimekwisha kuhitimu, na kumbe kosa langu kubwa lilikuwa bado linaningoja Iringa.

Nilihamishiwa mtaa wa Kihanzi, juu milimani, kwenye ukungu na baridi. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na aliyeigonga alikuwa Mzee Luvanda, mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Mchungaji alikaa Iringa mjini na alitufikia kama kila miezi mitatu kutupa Meza ya Bwana. Katikati hapo kila kitu kilikuwa juu yangu: kufundisha wabatizwa, kuzika, kusuluhisha, na kutunza daftari la washirika.

Sasa sikilizeni vizuri habari ya wiki ya Meza, maana ninyi siku hizi mnatangaza tu kwa kipaza sauti. Sisi wiki ile tulipita nyumba kwa nyumba. Unafika, unasalimu kamwene, unakaa unapopewa pa kukaa, hata kama kuku alikuwa hapo kabla yako. Unauliza watoto, unauliza mahindi, unauliza ng'ombe. Ndipo unauliza swali lenyewe: una neno na mtu? Kwa sababu Bwana alisema ukiwa na sadaka yako mkononi ukakumbuka kwamba ndugu yako ana jambo nawe, iache hapo, kapatane naye kwanza. Mume akijibu kwamba hana neno na mtu, na mkewe akakohoa, usiondoke. Omba maji ya kunywa. Kunywa polepole. Mambo yatatoka.

Anayejibu vizuri nilimwandika jina. Aliyekuwa chini ya marudi, yaani amefungiwa Meza kwa kosa fulani, sikupita kwake. Jina lake lilikwisha kupigwa mstari, sasa nikamwulize nini? Hivyo ndivyo nilivyoikuta kazi, na hivyo ndivyo nilivyoifanya.

Kule Kihanzi, aliyekaa chini ya marudi muda mrefu kuliko wote alikuwa Mzee Kikoti. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, kila Jumapili bila kukosa. Siku ya Meza, mahubiri yakiisha, aliinuka na kofia yake akatoka nje kama sheria ilivyotaka, akakaa ukutani juani mpaka sisi tumalize. Kosa lake lilikuwa ulanzi, pombe ya mianzi. Alikuwa na kichaka cha mianzi alichoachiwa na mama yake bondeni, na masika yote aligema. Kwetu kanisani ulanzi ulikuwa dhambi, wa asubuhi na wa jioni. Baraza la wazee lilimpa sharti moja: ang'oe mianzi, arudi kundini. Naye alijibu jibu moja kila mwaka, kwamba mianzi hiyo ndiyo paa la nyumba yake, ndiyo ungo, ndiyo kitanda, na hajaona andiko linaloikataza.

Lakini ilikuwapo sababu nyingine ambayo haikuandikwa kwenye daftari. Mdogo wake Mzee Luvanda, kijana aliyependa kuimba, alikunywa ulanzi jioni moja ya mvua, akaangukia njiani, baridi ikammaliza. Watu walisema alitoka kwa Kikoti. Kikoti alisema hakunywea kwake. Basi likabaki hivyo, miaka kumi, na Luvanda na Kikoti wanapishana kwenye njia ya kisima kila mmoja akiangalia upande wake.

Mimi nilikuwa kijana, nikajiona naweza kumwokoa mzee yule kwa hoja. Nikapita kwake mara mbili tatu kumsihi ang'oe mianzi. Alinicheka. Alikuwa na meno machache na mdomo mkali. Aliniuliza kama kanisani kwetu tumekwisha kung'oa na ndimi za watu, maana nazo zimeua.

Ikaja zamu ya kuhubiri neno la mzabibu na matawi. Mzabibu sikuwa nimeuona maisha yangu yote, na Kihanzi nzima hakuna aliyekuwa ameuona. Nikasema ngoja niwape kitu wanachokijua. Nikawaambia: ninyi mnajua mianzi. Mgema anakata ncha ya chipukizi asubuhi na jioni, na kwa kukatwa huko mwanzi unazaa zaidi. Ndivyo Mungu anavyotukata sisi. Kule mbele Luvanda alikaza shingo. Ndipo huko nyuma mtu akacheka, mara moja tu. Nilijua ni nani bila kuangalia.

Aliningoja ukutani. "Mwalimu," alisema, "leo umewadanganya watu. Mwanzi ukikatwa ncha haukui tena. Unatoa maji yake yote, asubuhi na jioni, mpaka unakauka. Huo haupogolewi, huo unajitoa. Usiuchanganye na mti wako wa zabibu. Ukitaka kuutolea mfano, uwe mfano wa yule aliyemwagika kwa ajili ya wengine."

Nilisimama pale kama mtoto aliyekosea hesabu. Nilikuwa nimewauliza wachunga ng'ombe na akina mama, lakini mgema sikumwuliza, kwa sababu alikuwa wa benchi la nyuma.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata asubuhi nikashuka bondeni kujifunza. Alinionyesha jinsi anavyokata ncha, kipande chembamba kama ukucha, na jinsi anavyofunga mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia. Alinionyesha kwamba kwenye kila shina huacha machipukizi kadhaa asiyoyagusa, ili kichaka kisife. Mtu mwenye tamaa, alisema, hugema yote, na mwaka wa tatu hana kitu. Kisha akanipa mtogwa, ulanzi uleule ukiwa umetoka sasa hivi, mtamu, hata mtoto anapewa. Nikanywa. Na akanijazia chupa kubwa iliyokuwa ya dawa nimpelekee Mama Eliza, akaiziba kwa gunzi la mahindi akaligongomea kwa jiwe.

Sasa lisikilizeni kosa langu. Njia ya nyumbani inapita kanisani. Nikamwona Luvanda anapanda kilima anakuja kufagia. Nikaingia upesi, nikaifungia chupa ndani ya kabati la kanisa, pamoja na kanzu yangu na daftari la washirika. Luvanda akaja, tukafagia wote, tukaondoka wote. Chupa nikaisahau. Na nyinyi watu wa Iringa hamhitaji kuelezwa mtogwa unafanya nini ukifungiwa mchana na usiku.

Jumapili, katikati ya maombi ya toba, kabati lilipiga mshindo kama bunduki. Akina mama walilala chini. Mlango wa kabati ukafunguka, gunzi likaruka likagonga ukuta, na povu likaanza kushuka taratibu kwenye sakafu, na harufu yake ni ile ambayo kila mtu pale ndani aliijua vizuri kuliko alivyotaka kuonyesha. Daftari lote lililowa. Mzee Kikoti hakucheka. Yeye ndiye peke yake ambaye hakucheka wala kukasirika, alishika kichwa.

Nilieleza ukweli wote. Haukunisaidia. Barua ikaenda mjini, jibu likarudi: mwinjilisti awe chini ya marudi mpaka Meza ijayo, asihubiri, asiandike majina, akae nyuma. Mama Eliza alinishonea kifungo cha koti kilichokatika ili angalau nikaaibike nikiwa nadhifu. Ni haki, sikatai. Kunywa kwangu nilikuwa na la kujitetea, kuficha kwangu sikuwa nalo.

Nikakaa na Mzee Kikoti benchi moja wiki baada ya wiki. Mkitaka kuijua ibada, kaeni nyuma siku moja. Huko nyuma upepo wa mlango unakupiga kisogoni, husikii nusu ya maneno, na hakuna anayegeuka kukupa mkono. Nilikuwa nimewahubiria watu wa benchi lile mwaka mzima na sikuwa nimejua kwamba hawanisikii.

Masika yalipokwisha na baridi ikaingia, benchi likabaki na mimi peke yangu. Mzee Kikoti alishikwa na kichomi. Nilimkuta amelala kwenye kitanda chake cha mianzi, pumzi inakwaruza. Hakuzunguka na maneno. Alisema anataka Meza kabla hajaondoka. Na alijua vizuri kama mimi kwamba kwa sheria ya wakati ule, mtu akifa chini ya marudi hapigiwi kengele, Mchungaji haji, na anazikwa na ndugu zake tu. Yeye ndugu hakuwa nao. Alikuwa na mke wake mzee na mianzi.

Nilimwuliza kama atakubali ing'olewe. Akatikisa kichwa. Nilikasirika, nawaambia kweli. Nilimwona anachagua miti kuliko Bwana. Halafu nikakumbuka kwamba mwaka huo huo angeweza kuandikwa jina kama ningemtetea vizuri, na mwenye kumtetea alikuwa amejifungia mwenyewe mdomo kwa chupa. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi. Kesho yake alfajiri nikaondoka kwenda mjini.

Nilitembea mpaka barabara kubwa, nikapata lori la Bwana Saidi, mfanyabiashara Mwislamu wa Iringa aliyepakia viazi huko kwetu. Njiani akaniuliza haraka yangu ya nini, nikamwambia yote. Akasema yeye ulanzi hajawahi kuuonja na wazee wetu wa kanisa wangeelewana naye sana, lakini kwao mgonjwa hutembelewa kwanza, mengine baadaye. Akaniambia saa sita anarudi kuchukua mzigo mwingine, tusimcheleweshe.

Mchungaji alinipokea akiwa amesimama. Aliniuliza kama nimekuja kujiombea mimi.

"Hapana, Baba. Mzee Kikoti anakufa."

"Amekubali kung'oa mianzi?"

"Hajakubali."

"Sasa niende nikafanye nini?"

Safari nzima nilikuwa nimejitungia hotuba, na yote ikanitoka. Nikasema tu, "Baba, katika lile neno la mzabibu mkulima anakata tawi. Shina hang'oi."

Akaniuliza hilo nimefundishwa na nani. Nikasema nimefundishwa na Kikoti mwenyewe, kule bondeni. Akaenda chumbani akarudi na mkoba wa vyombo vya Meza.

Tulifika alasiri. Mchungaji akavuta kigoda akakaa karibu na kitanda. Nilijua ataanza na mianzi, hata mgonjwa alijua, maana alikwisha kukaza taya. Mchungaji akamwuliza polepole, "Mzee Kikoti, una neno na mtu?"

Yule mzee akageuza uso, akanitafuta mimi kwa macho. "Mwalimu," alisema, "swali hili kumbe na mimi ni langu? Miaka kumi mnaniuliza mianzi."

Wanangu, nimewahi kupigwa, nimewahi kuumwa na nyoka. Hakuna kilichonichoma kama neno lile. Nilipita kila nyumba ya Kihanzi na swali lile mdomoni, na mlango wake nikauruka.

Akasema analo, na Luvanda. Mchungaji akanituma nikamwite. Luvanda alikataa mara mbili. Mara ya tatu alivaa koti. Alisimama mlangoni, hakuingia.

Mzee Kikoti akasema kwa pumzi chache alizokuwa nazo. Mdogo wake Luvanda alinywea kwake. Alifika akiwa amekwisha kulewa, na yeye aliiona miguu yake haishiki njia. Akaomba mbeta moja zaidi, naye akampa, kwa sababu kijana alikuwa anamchekesha. Mvua ilianza. Hakumsindikiza. Akaingia ndani akalala, na asubuhi waliposema amekufa akaogopa akasema hakuwa kwake. Akasema mianzi haikumtuma kusema uongo, aliusema mwenyewe, ndiyo maana hakutaka mianzi ichukue dhambi yake.

Luvanda aliegemea mwimo wa mlango. Kisha akauliza, "Alipotoka kwako, alikuwa anaimba?"

"Alikuwa anaimba," Kikoti alisema. "Nilimsikia mpaka mtoni."

Luvanda akavua kofia. Akaingia, akakaa chini kwenye jamvi, akamshika mgonjwa mguu juu ya blanketi. Hakusema nimekusamehe. Alikaa tu na mkono wake pale.

Nyumba ile haikuwa na meza. Mchungaji aliomba ungo, mke wa mgonjwa akampa ungo wa mianzi, akatandika kitambaa cheupe juu yake. Kabla hajamega mkate akanigeukia akaniuliza na mimi swali lile lile. Nikamwambia nina neno na mwenye nyumba, kwa sababu nilimruka. Kikoti akasema nisimsumbue na mambo madogo, anaumwa. Hata pale alinitania. Basi tulipokea watatu, mgema, mzee wa kanisa na mwinjilisti wa chupa, na mama mwenye nyumba akawa wa nne.

Alikaa siku mbili zaidi. Asubuhi ya tatu nilisikia rimu inalia, tena kwa muda mrefu kupita desturi, na sikuhitaji kuuliza nani anaigonga.

Machela ya kumbebea hatukuwa nayo. Nikashuka bondeni na panga, nikamkuta Luvanda amefika kabla yangu. Amesimama mbele ya kile kichaka alichotaka king'olewe miaka kumi, panga mkononi, hajakata hata mmoja. Aliponiona akauliza bila kugeuka, "Mwalimu, nikate ipi?"

Nikamwonyesha iliyokomaa, ile ya manjano. Nikamwambia machipukizi tuyaache.

Akakata miwili, akaisafisha matawi, akaiweka begani. Halafu akaona kwamba alikuwa amekanyaga chipukizi moja alipokuwa anavuta, limelala. Akaishusha tena mianzi chini, akapiga magoti kwenye tope na koti lake la kanisani, akalisimamisha, akalishindilia udongo kwa mikono miwili.